Ni dawa, ni ugonjwa, au ni mwili unaopona?

Mtu aliyekuwa na anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ameanza kula tena, na wiki mbili zilizopita daktari alimwanzishia dawa ya sonona. Asubuhi anaamka na kichefuchefu. Kifungua kinywa hakijafika nusu, tumbo limeshajaa. Usiku ametokwa jasho hadi shuka zimelowa, choo hakipatikani, usingizi umekuwa wa kukatikakatika. Anatoa ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, anaitandaza mezani na kupitisha kidole kwenye maandishi madogo. Kichefuchefu kimo. Jasho limo. Kukosa choo kumo. Kukosa usingizi nako kumo. Anaikunja karatasi na hukumu imeshatoka: ni dawa, naiacha.

Huenda yuko sahihi. Ila kila alichokihisi kingeweza kumpata hata kama hajameza kidonge kimoja. Tumbo lililokaa na njaa muda mrefu husukuma chakula polepole, ndiyo maana sahani ndogo inamjaza mtu gesi na kichefuchefu, na huhitaji wiki kadhaa za kula kwa mpangilio kabla halijatulia. Ulegevu huohuo ukishuka kwenye utumbo, choo kinafunga. Mwili ulioanza kupata chakula baada ya kunyimwa huongeza kasi ya kuchoma nishati, na wengi wanaopona huamka usiku wakiwa wamelowa. Hata uvimbe wa miguu na uso, ambao humtisha mtu kuliko yote kwa sababu mizani inapanda ghafla, mara nyingi ni maji tu. Huwapata zaidi waliokuwa wakijitapisha au kutumia dawa za kuharisha na sasa wameacha.

Kwa hiyo chanzo ni kimoja kati ya vitatu, au vyote kwa pamoja: dawa, ugonjwa, au kupona kwenyewe. Na kuna jambo linalofanya hesabu hii iwe ngumu kuliko kwa mgonjwa wa presha au kisukari. Ugonjwa wa ulaji una maslahi katika jibu. Unataka dawa ionekane na hatia pale inapotishia kuongeza uzito, na unataka ionekane safi pale inapoua hamu ya kula. Bila kulielewa hilo, mazungumzo yote kuhusu maudhi ya dawa yanakwenda kombo.

Njaa yenyewe hubadili akili

Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, karibu nusu ya walichozoea, kwa miezi sita. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa na afya njema ya mwili na akili. Hakuna aliyekuwa na tatizo la ulaji, na hakuna aliyepewa dawa ya akili. Hata hivyo walianza kununa, kukasirika kwa mambo madogo, kujitenga na wenzao, kusikia baridi muda wote na kushindwa kutuliza mawazo. Walizungumza chakula mchana kutwa, na baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporudishiwa chakula, akili haikurudi siku hiyohiyo. Kwa wengine ilichukua miezi.

Ninalitaja jaribio hili kwa sababu orodha ya waliyoyapata inafanana mno na malalamiko ambayo mgonjwa au familia huitupia dawa: amekuwa mkali, hana furaha, halali, hawezi kusoma ukurasa mmoja akaumaliza. Huenda hiyo ni njaa inayoongea. Na mtu hahitaji kuwa mwembamba ili awe na njaa ya namna hiyo. Mwenye bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupindukia kisha kujitapisha au kujinyima, anayeruka milo mchana kutwa, au mtu mnene aliyepoteza uzito mwingi kwa kujinyima, naye mwili wake unaweza kuwa katika hali ileile.

Njaa pia hupunguza nguvu ya dawa. Dawa nyingi za sonona na wasiwasi hufanya kazi kwa kuiacha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, ikae muda mrefu zaidi kati ya seli za ubongo. Lakini serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima kitoke kwenye chakula. Mtu asipokula, malighafi inapungua, na dawa haina cha kutosha cha kushikilia. Anabaki na kichefuchefu cha dawa bila nafuu yake, kisha anaambiwa, au anajiambia, kwamba yeye ni wa kutopona.

Hata chakula kikirudi, dawa hizi si jibu la anoreksia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia kwa hadi mwaka mmoja watu 93 waliokuwa wamerudisha uzito, baadhi wakipewa fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo za sonona, na wengine kidonge kisicho na dawa. Fluoksetini haikuwazuia kurudi kwenye ugonjwa kuliko kile kidonge kitupu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha dawa yoyote mahususi kwa anoreksia. Matibabu ni kula na tiba ya mazungumzo. Dawa ikiandikwa, huandikwa kwa ajili ya kitu kinachoambatana na ugonjwa, kama sonona, wasiwasi uliopitiliza au mawazo yanayojirudia, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa ni kwa ajili ya kipi. Hawezi kupima kama maudhi yanafaa kuvumiliwa ikiwa hajui anayavumilia kwa faida gani.

Dozi kubwa ya bulimia

Kwa bulimia hali ni tofauti. Fluoksetini iliidhinishwa na FDA kwa ugonjwa huo mwaka 1996, na kipimo kilichoonyesha kazi ni miligramu 60 kwa siku. Mwenye sonona kwa kawaida huanzia 20. Mtu akigundua anatumia mara tatu ya kile anachotumia rafiki yake, anaweza kudhani amekosewa dozi au kwamba yeye ndiye mgonjwa mahututi zaidi. Si hivyo. Kwenye majaribio, miligramu 20 hazikupunguza vya kutosha ulaji wa kupindukia na kujitapisha, 60 zilipunguza.

Dozi kubwa huja na maudhi makubwa zaidi: mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, kichefuchefu. Muda wa kila moja ndio wa kuangalia. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa kwa wengi huwa vikali wiki ya kwanza na ya pili kisha hupungua, na kumeza kidonge baada ya kula husaidia. Usingizi ukisumbua, daktari anaweza kuhamishia dozi asubuhi. Lakini kupotea kwa hamu ya tendo la ndoa, au kushindwa kufika kileleni, mara nyingi hakuondoki kwa kusubiri. Hudumu hadi dozi au dawa ibadilishwe. Naliandika waziwazi kwa sababu ndilo jambo ambalo mgonjwa huona aibu kulisema na wahudumu wengi hawaliulizi, kisha mtu anaacha dawa kimyakimya na sababu halisi haijulikani kamwe.

Kwa walio chini ya miaka 25 kuna tahadhari nzito zaidi. FDA iliweka onyo la juu kabisa kwenye dawa za sonona mwaka 2004 kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, hasa wiki za mwanzo au dozi inapobadilishwa. Kijana akianza kuhangaika ndani kwa ndani, hatulii, halali, anasema maneno ya kukata tamaa ambayo hakuwa nayo kabla, hilo si la kusubiri miadi. Mpigie anayemtibu siku hiyohiyo au mpeleke kwenye huduma ya dharura, na asiachwe peke yake.

Madhara ambayo mgonjwa anayapenda

Kuna maudhi ambayo hakuna atakayelalamika juu yake. Dawa inayoua hamu ya kula humfanya mwenye tatizo la ulaji ahisi kwamba hatimaye amepata dawa nzuri. Hana sababu ya kumwambia daktari. Na daktari asipouliza, miezi inapita.

Lisdeksamfetamini iliidhinishwa na FDA Januari 2015 kwa watu wazima wenye tatizo la ulaji wa kupindukia la kiwango cha kati hadi kikali. Inasaidia wengi kupunguza siku za ulaji huo, na maelezo yake rasmi yanasema wazi kwamba si dawa ya kupunguza uzito. Ni dawa ya jamii ya vichangamsho: hukausha kinywa, huongeza mapigo ya moyo, huleta wasiwasi na kuondoa usingizi. Lakini fuatilia siku moja ya mtu anayeitumia bila mpango wa milo. Kidonge asubuhi, njaa haipo hadi jioni, kwa hiyo hali. Jioni dawa inapoisha nguvu, mwili unadai deni la siku nzima, na anajikuta akila kwa namna ileile iliyompeleka kwa daktari. Kesho anajiadhibu kwa kutokula tena. Hapo dawa inafanya kazi yake, ila imegeuka kuwa kifuniko cha kujinyima. Ndiyo maana mwenye historia ya anoreksia anahitaji kuangaliwa kwa karibu sana akiandikiwa kichangamsho cha aina yoyote, hata kama ni kwa ajili ya tatizo la umakini. Topiramati nayo, ambayo hutolewa kwa kifafa na kipandauso, hupunguza hamu ya kula na kumfanya mtu atafute maneno asiyapate. Kwa mtu aliyewahi kujinyima chakula inaweza kuwa mlango wa kurudi kwenye ugonjwa.

Upande wa pili ni dawa za akili zinazoongeza hamu ya kula na uzito: olanzapini, mirtazapini, kwetiapini. Hapa ndipo hofu hukaa, na hapa ndipo baadhi ya wahudumu na familia hufanya jambo ambalo mimi naona ni kosa kubwa. Humficha mgonjwa. Wanamwambia ni dawa ya usingizi tu, au wanakaa kimya wakitumaini hatasoma. Atasoma. Mtu mwenye tatizo la ulaji husoma kuhusu uzito kuliko daktari wake. Akigundua alifichwa, haachi kidonge tu, anaacha kuwaamini waliomficha, na bila kuwaamini hatakula walichompikia.

Ukweli wenyewe unaweza kuelezwa bila kuficha na bila kutisha. Olanzapini kwa mgonjwa mwenye skizofrenia inaweza kuongeza uzito sana, kupandisha sukari na mafuta kwenye damu, na anayeitumia anahitaji vipimo vya damu kila baada ya muda. Kwa mwenye anoreksia picha ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha watu wazima 152 kwa wiki 16. Waliopewa olanzapini waliongezeka uzito kwa kasi kubwa kidogo kuliko waliopewa kidonge kitupu, ongezeko dogo tu, na mawazo yao yanayojirudia hayakupungua zaidi ya wenzao. Yaani haikuwa ile dawa ya kumnenepesha mtu ghafla kama hofu inavyosema, na pia haikuwa muujiza.

Tena kuna uzito ambao mwili uliokuwa umepungukiwa lazima uurudishe, kwa dawa au bila dawa. Huo hauwezi kuhesabiwa kuwa madhara. Kwa mtu ambaye tayari ameshafika kwenye uzito unaomfaa na bado dawa inamsukuma kula hadi anahisi hajitawali, malalamiko yake ni ya haki na yanastahili kubadilishiwa dawa. Kuyachanganya haya mawili ni kumwonea mgonjwa, iwe kwa kumlazimisha avumilie yasiyovumilika au kwa kuunga mkono ugonjwa wake.

Swali moja husaidia kuyatenganisha, na mgonjwa anaweza kujiuliza akiwa peke yake: kama ningehakikishiwa kwamba dawa hii haitagusa uzito wangu hata kidogo, je, bado ningetaka kuiacha? Akijibu ndiyo, kwa sababu analala kutwa au mikono inatetemeka, basi ni maudhi ya kushughulikiwa. Akijibu hapana, cha kupeleka kwa daktari au kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo ni hofu yenyewe, nayo isemwe kwa jina lake.

Pale ambapo siri inaua

Kujitapisha na kutumia dawa za kuharisha hushusha potasiamu kwenye damu, na potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Baadhi ya dawa za akili, sitalopramu ikiwa mojawapo, nazo hurefusha muda ambao moyo hujiandaa upya kati ya pigo na pigo. Mwaka 2011 FDA ilionya kuhusu sitalopramu kwa sababu hiyo na kuweka kikomo cha miligramu 40 kwa siku. Potasiamu ikiwa chini na dawa ya namna hiyo ikiwa juu, mapigo yanaweza kuvurugika bila dalili za kutangulia. Daktari anayeagiza kipimo cha damu na cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, kabla ya kuandika dawa anatafuta hilo. Lakini vipimo huonyesha siku ile tu. Aliyejitapisha jana usiku na akasema ameacha miezi mingi iliyopita anamnyima daktari taarifa ambayo maisha yake yanaitegemea.

Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Miaka ya 1980 ilijaribiwa kwa watu wenye bulimia, na kati ya 55 walioipata, wanne walipata degedege. Hadi leo maelezo yake yanakataza kumpa mtu mwenye anoreksia au bulimia, au aliyewahi kuwa nazo. Sasa, bupropioni hutolewa pia kwa watu wanaotaka kuacha sigara. Mtu anaweza kukutana na daktari asiyemjua kabisa, akazungumzia sigara tu, akaandikiwa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu chakula, naye hakuona sababu ya kulisema jambo alilokuwa nalo akiwa na miaka 16. Kwa hiyo historia ya tatizo la ulaji inatakiwa kutajwa kwa kila anayeandika dawa, hata katika matibabu yasiyohusiana na akili, na hata ikiwa miaka mingi imepita.

Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, ina hatari yake: kiwango kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana mno, na mtu aliyepoteza maji na chumvi kwa kutapika au kuharisha hujikuta damu yake imejaa lithiamu ingawa hakuongeza kidonge. Mkono kutetemeka kwa nguvu, kuyumba, kuchanganyikiwa na kutapika kwa mtu anayetumia lithiamu ni dharura. Vivyo hivyo mtu aliyeanza kula tena baada ya njaa ndefu akipata pumzi fupi, udhaifu mkubwa, kuchanganyikiwa au mapigo yanayokwenda ovyo. Fosfeti, madini ya kwenye damu, ikishuka ghafla mwili unapoanza kupokea chakula, moyo na misuli huathirika, na hapo hospitali ndipo mahali pake, si kusubiri kujua kama ni dawa.

Kuna na mambo ya hedhi. Risperidoni, dawa ya magonjwa kama skizofrenia, na baadhi ya dawa za jamii yake hupandisha homoni ya prolaktini na kuweza kusimamisha hedhi. Kwa anayepona anoreksia, kurudi kwa hedhi ni moja ya ishara ambazo wahudumu huziangalia. Ikichelewa, anaweza kulaumiwa kwamba hali vya kutosha kumbe ni dawa, au dawa ikasingiziwa kumbe ni kutokula vya kutosha. Kipimo cha prolaktini kwenye damu husaidia kulitatua hilo.

Daftari na muda

Njia inayofaa kutenganisha vyanzo vitatu ni ya kawaida sana: kuandika, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukurasa wa daftari unaweza kusomeka hivi. Jumanne, kidonge saa 1 asubuhi, tumbo tupu. Kichefuchefu saa 2 hadi saa 5. Chakula cha mchana nusu. Jumatano, kidonge baada ya kifungua kinywa. Kichefuchefu kidogo, saa 3 kimeisha. Alhamisi, kidonge nilisahau. Tumbo lilijaa vilevile baada ya chakula cha mchana. Mistari hiyo mitatu bado ni michache, lakini tayari inaonyesha mahali pa kutazama: kichefuchefu cha asubuhi kinafuata kidonge, tumbo kujaa halifuati. Uzito usiwemo kwenye daftari hilo, wala hesabu ya kalori. Ukianza kuingia, daftari limeshachukuliwa na ugonjwa.

Kuna dawa ambazo mlo ni sehemu ya dozi. Lurasidoni na ziprasidoni, dawa za akili, hufyonzwa vizuri zikimezwa pamoja na mlo kamili. Mtu akizimeza na maji na kipande cha tunda, anapata sehemu tu ya dawa aliyoandikiwa. Daktari akidhani haifanyi kazi akaongeza dozi, siku mgonjwa atakapokula sawasawa dawa itampiga kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. Na aliyetapika muda mfupi baada ya kumeza asijirudishie dozi kwa kukisia. Amuulize mfamasia au daktari, kwa sababu jibu hutegemea dawa na muda uliopita.

Kuacha ghafla huongeza fumbo jingine. Paroksetini na venlafaksini, dawa za sonona, hutoka mwilini haraka, na anayezikata kwa siku moja anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, ndoto kali na hisia kama mshtuko wa umeme kichwani. Anahitimisha kwamba sumu ya dawa ndiyo inatoka, au kwamba ugonjwa umerudi. Kupunguza polepole kwa mpango wa daktari huepusha sehemu kubwa ya hayo. Fluoksetini ni kinyume chake, hutoka taratibu mno. Dawa yenyewe na kemikali inayotokana nayo hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Aliyehamishwa kutoka fluoksetini kwenda dawa nyingine, akapata maudhi mapya wiki ya pili, bado ana dawa zote mbili mwilini, na daftari lake linatakiwa kuonyesha tarehe ya kidonge cha mwisho cha ile ya zamani.